Rimu za Valerian

Inspekta Philomena alikuwa chini ya gari kwa nusu saa nzima, na kilichoonekana nje ni miguu yake tu. Watu waliokuja kituoni kuripoti mbuzi waliopotea waliisalimia ile miguu, maana adabu ni adabu.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka," ikajibu miguu, ikaendelea na kazi yake.

Gari lenyewe lilikuwa Mark II jeusi la Valerian, mchimbaji mdogo wa huku Segese. Mwaka jana alipata mawe mazuri kwenye duara, shimo lao la dhahabu karibu na Bulyanhulu. Baba yake alimshauri anunue ng'ombe. Akanunua gari, akalikata springi mpaka likawa chini kiasi kwamba ilibidi Koplo Mageni alinyanyue kwa jeki mbili ndipo bosi wake apate pa kuingia. Kisha akalivalisha rimu pana, rangi ya dhahabu, zenye vijiti vitano vilivyopinda. Segese nzima ilizijua. Kuna watu hawamjui diwani wao lakini rimu za Valerian wanazijua.

Sasa rimu hizo zilikuwa zinampeleka jela. Jumapili jioni gari lilimgonga Mzee Ngassa, muuza maziwa, akiwa juu ya baiskeli yake karibu na mashine ya kusaga. Likakimbia. Mzee alivunjika nyonga. Jumatano Valerian akakamatwa, leo ni Alhamisi, na kesho saa tatu asubuhi alitakiwa kusimama mahakamani Kahama. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo tangu jana. Alikaa tu.

"Afande, tunapoteza muda," alisema Mageni huku akiinama. "Mama Blessing aliliona. Mzee mwenyewe kalitaja. Fundi Abel kasema Valerian alilichukua gari gereji Jumapili mchana. Watatu kwa mmoja. Hata mpirani hiyo ni tatu moja."

"Na bao la nne?"

"Ufa wa bampa huo hapo mbele. Ndipo alipomgongea mzee."

Mkono wa Philomena ukatokeza na kupapasa ule ufa. "Humu ndani kuna udongo mkavu na mbegu za nyasi. Ni ufa wa zamani huu. Tena umeanzia chini ukapanda juu. Mzee Ngassa alikuwa amelala barabarani?"

"Alikuwa juu ya baiskeli."

"Basi huu ni wa tuta. Nipe tochi, na wembe, na bahasha."

Ilichukua muda. Mageni alihesabu mbuzi wawili na mke mmoja walioripotiwa kupotea kabla bosi wake hajatoka, nywele zimejaa vumbi, uso umechangamka kama wa mtu aliyeokota kitu sokoni. Alimwonyesha tairi la mbele kushoto. Begani mwa tairi, pale linapogeukia ubavuni, palikuwa na mkato wa urefu wa kidole. Ndani ya mkato palikuwa na ukoko mweupe.

"Rangi ya gari," alisema Philomena na kuifunga bahasha. "Mageni, gari hili lina rangi gani?"

"Jeusi, afande."

"Lote?"

Koplo akalizunguka gari zima kwa uaminifu, akarudi. "Lote."

Philomena akapitisha kidole chini ya fenda, pale bati linapopinda kuelekea ndani. Tairi pana likiwekwa kwenye gari lililoshushwa hugombana na ukingo ule kila kona na kila shimo, mpaka fundi aukunje ulale kabisa. Huu ulikuwa umekunjwa. Kidole kilipita pote bila kukwaruzwa.

"Fenda hii haiwezi kukata hata karatasi," alisema. "Tairi limekatwa na fenda nyingine. Fenda nyeupe."

Mageni alikuna shingo. Tatu moja ilianza kumtia mashaka.

Mahabusu, Valerian alikuja kwenye nondo akiwa peku, mkanda wamemvua, suruali ameishika kwa mkono mmoja.

"Gari lilifuata nini kwa Abel?" Philomena aliuliza.

"Kukunjwa fenda. Lilikuwa linakwaruza hadi naona aibu. Nilipeleka Ijumaa mchana, nikachukua Jumatatu asubuhi."

"Abel anasema Jumapili mchana."

"Abel ni rafiki yangu, afande, lakini hapo amesema uongo. Jumapili nilikuwa na malaria. Nililala kwa mama."

"Nani alikuona?"

"Mama."

Mahakamani hilo lisingesaidia sana. Mama gani angesema mwanawe hakuwa nyumbani?

"Tairi lako lina rangi nyeupe. Imetoka wapi?"

Valerian aliduwaa, na kuduwaa kwake hakukuwa kwa kuigiza. "Nyeupe? Mimi gari jeupe silipendi hata kulipanda. Linaonyesha vumbi."

Philomena akatoka nje akapiga simu Geita, Kalangalala, kwenye duka la rimu na matairi ambalo jina lake lilikuwa kwenye risiti ya Valerian. Simu ilipokelewa na Lataben, mama wa makamo aliyekaa kaunta ile miaka thelathini, akiijua kila rimu iliyotoka kama wengine wanavyojua wajukuu.

"Shikamoo, mama. Polisi hapa, nauliza rimu za dhahabu zenye vijiti vitano vilivyopinda."

"Marahaba. Yule kijana mwembamba wa Segese? Amefanya nini? Mimi nilimwambia zitagusa fenda! Nilimwambia, wewe unashusha gari halafu unaweka tairi pana, unataka gari au unataka ugomvi?"

"Seti kama zile mmeuza ngapi?"

"Moja. Zilikuja zimetumika, seti moja tu. Kanda nzima hii hakuna nyingine, ningeijua."

"Una uhakika, mama?"

"Mwanangu, ukiona rimu zile popote, ni zile zile. Sema gari ndiyo huenda likawa lingine." Lataben akacheka. "Hapa kwetu rimu zinaazimwa kama suti. Mtu ana harusi, ana mgeni, anaazima rimu. Jumatatu anarudisha zina matope."

Philomena alishukuru, akabaki ameishika simu. Hakuwa amefikiria kwamba rimu zinaweza kutembea bila gari lake.

Mama Blessing, ambaye jina lake la kubatizwa ni Mariana, alikuwa na kibanda cha mihogo ya kukaanga mkabala na mashine ya kusaga. Alipomwona Philomena alisimama na kujifuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, afande. Nimeshaeleza yote kwa koplo."

"Najua, mama. Leo nimekuja kukaa tu. Nipishe kwenye kigoda chako."

Mama Blessing alishangaa, akampisha. Philomena akakaa mbele ya karai la mafuta, magoti karibu yafike kidevuni.

"Jumapili jioni jua lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa linanipiga usoni. Muda ule linatokea upande wa mashine. Nikashusha turubai."

"Lishushe kama ulivyolishusha."

Turubai la bluu likashuka mpaka usawa wa magoti. Macho hayana pazia, wanasema, lakini ya Mama Blessing siku ile yalikuwa nalo. Kutoka kwenye kigoda Philomena aliona kipande cha barabara kirefu na chembamba: kuku wawili, kwato za ng'ombe wanaopelekwa mnadani, gurudumu la pikipiki, ndala za mtoto. Vilivyokuwa juu ya magoti vyote havikuwapo.

"Koplo alikuuliza nini, mama?"

"Aliuliza, gari la nani? Nikasema la Valerian. Rimu zile hata mtoto mchanga anazijua."

"Gari lilikuwa rangi gani?"

Mama Blessing alilitazama turubai lake. "Rimu niliziona," alisema taratibu.

"Baada ya kumgonga mzee, gari lilifanya nini?"

"Lilisimama. Mlango ukafunguliwa, miguu ikashuka. Ikaenda mpaka pale alipoanguka mzee, ikasimama kitambo kizuri tu. Halafu ikarudi mbio, gari likaondoka. Mimi nilikuwa natoa karai motoni nisiunguze kibanda. Nilipotoka, vumbi tupu."

"Miguu ilikuwa ya Valerian?"

"Miguu ya mwanamume wa watu mimi nitaijulia wapi?"

"Ilivaa nini?"

"Viatu vyeupe, vyenye ncha, vya maharusi vile. Nikasema moyoni, kumbe Valerian naye ananunua viatu."

Philomena alisimama polepole, maana magoti yake hayakuwa ya kigoda. "Mbona hukumwambia koplo habari ya viatu?"

"Hakuniuliza viatu," alisema Mama Blessing, akiwa amekasirika kidogo. "Aliniuliza gari."

Gereji ya Abel ilikuwa uwanja wa mafuta meusi nyuma ya soko, na chini ya meza ya kazi palilala mchi mrefu wa kutwangia. Abel alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, na leo alicheka hata kabla ya salamu.

"Karibu, afande! Maelezo yangu nilishatoa."

"Nimeyasoma. Mimi nimekuja kwa udadisi. Mchi wa nini gereji?"

Hapo fundi akatulia kabisa, kama mtu anayeulizwa juu ya kazi yake. "Wa kukunjia fenda. Unauingiza kati ya tairi na bati, mwenzako anasukuma gari polepole, mchi unaviringika na mdomo wa fenda unalala wenyewe. Wengine wanagonga kwa nyundo, wanaharibu rangi. Huu nilimwomba mama mkwe. Mpaka leo hajanisamehe."

Philomena akauinua, akaugeuza kwenye mwanga wa jua. Mti ulikuwa umepigwa michirizi ya rangi nyeusi kutoka ncha hadi ncha. Akaugeuza tena. Nyeusi tu.

"Kazi nzuri," alisema. "Na lile jeupe hukulikunja?"

"Hakukuwa na mu..."

Abel akanyamaza. Kicheko kilikuwa bado usoni, hakijapata taarifa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Abel iliishia palepale kwenye mchi wa mama mkwe.

"Muda," alimalizia Philomena. "Hakukuwa na muda. Kaa chini, fundi, uniambie kwa nini hakukuwa na muda."

Fundi alikaa juu ya tairi bovu.

"Alikuja Ijumaa jioni. Harusi kesho yake. Akaziona rimu zimelala hapa na matairi yake, nilikuwa nimezitoa nikafunga matairi membamba ili mchi upate pa kupita. Akasema, Abel, nipe za siku moja tu, gari la bwana harusi lisiwe na vikofia vya plastiki. Nilipima, nati zikaingia sawa. Nikamwonya. Nikamwambia fenda zako hazijakunjwa, usikate kona kwa kasi. Na ukifunga breki ghafla pua ya gari itainama, tairi litashikwa na bati, usukani utakataa."

"Ukampa hivyo hivyo."

"Harusi, afande. Utamnyima mtu siku ya harusi?"

"Akarudisha lini?"

"Jumapili, giza linaingia. Bado na suti yake ya harusi. Akasema amegonga mbuzi."

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini. Usiku huo huo nikazirudisha kwenye gari la Valerian. Jumatatu Valerian akachukua gari, na mchana nikasikia habari za mzee." Abel alijifuta uso kwa kitambaa cha mafuta, akauchafua zaidi. "Nikisema niliazimisha rimu za mteja bila yeye kujua, nani ataniletea gari tena hapa? Nikasema Valerian alichukua Jumapili. Nilidhani ataachiwa. Hajafanya, si ataachiwa?"

Philomena alikasirika, na hakujaribu kuificha hasira. "Mama yake yuko kwenye benchi langu tangu jana. Nenda kamwambie hivyo yeye, kwamba ataachiwa. Nani alichukua rimu?"

Abel aliutazama mchi mkononi mwa Philomena.

"Masalu," alisema. "Mtoto wa Mzee Ngassa."

Nje soko liliendelea na kelele zake. Philomena aliuegemeza mchi ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ungevunjika.

"Jumamosi mzee alipanda gari hilo hilo," Abel aliongeza kwa sauti ndogo. "Kiti cha nyuma, na shada la maua. Alikuwa anapungia watu."

Njiani kuelekea hospitali ya Kahama, Mageni aliendesha bila kusema mpirani ni ngapi kwa ngapi. Kitu kimoja tu alikisema, walipokaribia mji: "Lakini mzee mwenyewe alitaja gari la Valerian, afande. Maelezo yake niliyaandika mimi."

"Alikuwa amelala barabarani," alijibu Philomena, "na mtu mwenye viatu vyeupe amesimama juu yake kitambo kizuri. Unadhani hakumwona?"

Wodi ya wanaume ilikuwa ya vitanda kumi na viwili. Nesi aliyewapokea alionyesha cha mwisho, karibu na dirisha, akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na mtoto kama yule. Tangu Jumapili usiku hajatoka. Anamwosha, anamlisha, na kila baada ya saa mbili anamgeuza ili vidonda vya kitandani visimpate. Usiku analala sakafuni.

Masalu alikuwa kijana mpana wa mabega, amevaa ndala za kuazima. Kando yake alikaa Salome, mke wake wa siku tano, hina ya harusi bado imekolea mikononi, ameshika chupa ya uji.

"Shikamoo, baba," alisema Philomena.

"Marahaba." Sauti ya Mzee Ngassa ilikuwa kavu lakini imara. "Wewe ndiye mkubwa wa koplo? Nilishamwambia. Gari la Valerian."

"Rimu za Valerian, baba. Hapo tunakubaliana." Akaiweka bahasha ndogo juu ya shuka. "Humu kuna rangi nyeupe, imetoka kwenye tairi. Gari jeupe la mwanao liko nyumbani kwenu, na fenda yake ya kushoto naamini ina alama. Fundi Abel ameeleza. Na kuna mama aliyeviona viatu."

Salome akamtazama mumewe. Alikuwa hajui, ilionekana wazi kwamba hajui, na Philomena alimwonea huruma.

Mzee hakuitazama bahasha. "Ukimchukua huyu," alisema, "nani atanigeuza?"

Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Mimi ni mzee, ng'wana. Nyonga yangu haitapona sawasawa, daktari kasema. Valerian ni kijana, ana mawe yake, atatoka. Huyu ndiye mmoja niliye naye."

"Mama yake Valerian naye ana mmoja," alisema Philomena. "Kesho saa tatu atakaa mahakamani anamwangalia."

Masalu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Usukani ulikataa, baba," alisema, na machozi yakamtoka bila kujizuia. "Nilikata kulia, gari likakataa. Niliposhuka nikaona ni wewe. Nikakimbia. Nilienda mpaka kwa Abel nikarudisha rimu kwanza. Rimu, baba! Ndipo nikarudi na watu, nikajifanya nimesikia."

"Najua," alisema mzee. "Nilikuona. Viatu nilikununulia mimi."

Akafumba macho. Alipofumbua alimwita Mageni kwa kidole.

"Andika, kijana. Andika upya. Kijana wa watu sikumwona. Hakuwa yeye."

Mageni aliandika, akamsomea mara mbili, akamletea kidau cha wino. Mzee akabonyeza dole gumba lake chini ya maneno yale, akalifuta kwenye shuka ya hospitali. Philomena alitoka mlangoni akapiga simu kituoni. Aliagiza Valerian atolewe mahabusu na arudishiwe mkanda wake, na yule mama wa kwenye benchi aambiwe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliporudi, Masalu alikuwa ameshatoa mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeupe, ncha moja imekwaruzika.

"Afande," alisema, "saa mbili zimefika. Niruhusu jambo moja."

Philomena akatikisa kichwa kukubali.

Masalu akamvuta mkewe karibu na kitanda. "Angalia. Mkono mmoja unaupitisha chini ya nyonga, upande mzima, siyo huu. Mwingine chini ya bega. Humvuti. Unamviringisha kama gogo, mwili wote mara moja. Mto unauweka mgongoni."

Salome alijaribu kwa mikono yake ya hina. Mzee alipiga kelele ya maumivu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama. Masalu akamwonyesha tena, polepole zaidi, kisha akaondoa mikono yake na kuirudisha nyuma.

Mara ya pili mzee hakulia.